Fundi Anajibu: Kabla hujapandisha Subaru, itazame tairi

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wenye gari la kawaida la kupelekea watoto shule, ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta, na sasa wanataka lifanye kazi ya Land Cruiser. Siwacheki, maana nami nimepita humo humo na gharama nimelipa. Nimechagua barua nne.

*

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nafundisha huku juu ya Mlalo, wilaya ya Lushoto. Nina Subaru Forester ya 2005, ile SG5, otomatiki, haina tabo. Masika hii imenikwamisha mara tatu kwenye utelezi, na mara moja imepiga jiwe chini mpaka oili ikaanza kuvuja. Rafiki yangu ana mashine ya kuchomelea nyumbani kwake. Anasema tukate vipande vya bomba la mraba, tupandishe gari inchi tatu, tuweke na tairi kubwa, basi mpaka Mtae hakuna kitakachonizuia. Tufanye? – Mwalimu, Mlalo*

Marahaba mwanangu. Lile bomba liwekeni pembeni kwanza, tuisome barua yako pamoja. Umekwama mara tatu kwenye utelezi. Umepiga jiwe mara moja. Sasa niambie, ni safari ipi kati ya hizo nne ambayo urefu wa inchi tatu ungekuokoa? Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huwa kama sabuni. Gari refu huteleza sawasawa na fupi, tena refu likilala ubavu linalala vizuri zaidi. Na jiwe likikukosa leo kwa inchi tatu, kesho litakuwepo lenye inchi nne.

Hukuniambia tairi zako zikoje. Mtu akiniambia amekwama mara tatu halafu hataji tairi, mimi huandika "vipara" pembeni ya barua nikaendelea kusoma. Pesa yako ya kwanza iende huko. Soma ubavuni: Forester ya aina yako mara nyingi imekuja na 215/60R16. Tafuta 215/65R16 yenye kashata nene, yaani ile mikato ya mpira inayoshika barabara, ile ya kuchanganya lami na vumbi. Achana na tairi za tope tupu zinazovuma kama nyuki ukiwa lami. Tairi la zamani lina kimo cha milimita 664 hivi, jipya 686. Nusu ya tofauti ndiyo inayoinua gari, kwa hiyo umepata milimita 11 bila kugusa spana ya shokapu, na ubavu wa tairi umekuwa mnene zaidi wa kuhimili mawe. Spidomita itakudanganya kidogo: ikisema 80 wewe uko karibu 83. Kabla ya kulipa, funga tairi moja mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uangalie kama linagusa plastiki ya ndani ya tao, ule upinde wa bodi juu ya gurudumu.

Halafu jifunze kupunguza upepo. Kama unatembea na psi 32, ukifika kwenye kipande kibaya shusha mpaka 20. Tairi litalala, litashika eneo kubwa zaidi, nawe utashangaa. Ila uwe na pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, na usirudi lami kwa mwendo kasi tairi likiwa bado limelegea. Ulitaka kutumia vyuma, mimi nakupa pampu. Najua haipendezi kupigia picha.

Sasa lile jiwe. Hapa ndipo mashine ya rafiki yako itafanya kazi ya maana: tengenezeni bati la kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Chukueni bati la chuma la milimita 3. Kipande cha sentimita 60 kwa 80 kina uzito wa kilo 11 hivi, na springi za mbele zinaubeba bila kulalamika. Likizidi milimita 4 mnaongeza mzigo bure. Laleni chini ya gari na katoni kubwa, katoni ya friji inafaa sana, mkate umbo lake kwanza kabla ya kugusa chuma. Ukingo wa mbele ukunjwe uelekee juu kama ncha ya ngalawa, ili gari lipande juu ya jiwe badala ya kulichimba. Lifungwe kwenye boliti za krosimemba, ule mhimili unaobeba injini, na mbele kwenye chuma kilicho chini ya rejeta. Kwenye sampo yenyewe msifunge kitu. Nimeona bati lililochomelewa sampo, na jiwe lilipogonga, bati na sampo vikaondoka pamoja.

Kuna jambo ambalo watu wa Hilux hawalijui na nyie wa Subaru lazima mlijue. Injini yenu imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na mabomba ya ekzosi yanatokea chini yake. Bati litakuwa karibu kabisa na bomba lenye moto. Acheni nafasi ya vidole vitatu, toboeni matundu ya kupitisha hewa, na tundu la nati ya oili na la filta, la sivyo kila sevisi mtalifungua bati zima. Ukipita kwenye majani marefu makavu, ukisimama chungulia. Majani yakijaa kati ya bati na ekzosi yanawaka. Huo si utani.

Haya, urefu. Najua umeruka yote hayo ukaja kusoma hapa.

Kwanza pima. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa tao lililo juu yake, mbele na nyuma, kulia na kushoto, gari likiwa tupu mahali pa tambarare. Forester nyingi zilizotoka Japani na umri huo zina shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe gari likibeba mzigo. Zikichoka, gari huchuchumaa nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa. Ukikuta nyuma kuko chini sana kuliko mbele, huna haja ya kupandisha gari, una haja ya kulirudisha lilipozaliwa. Badilisha shokapu na springi za nyuma. Wateja wangu wengi waliokuja kuomba inchi mbili waliondoka na hilo tu, wakaridhika.

Ukishafanya hivyo na bado unataka kuongeza, ongeza inchi moja. Mbili ndiyo mwisho wa dunia, na hiyo ya pili ina mambo yake. Tatu usinitajie, na sababu nakueleza.

Mwaka 2012 nilikuwa na Legacy wagoni. Nikaitaka iwe ndefu. Fundi mmoja wa gereji ya mtaani akanichomelea vipande vya bomba la mraba, inchi tatu, tukaviweka kati ya maunti ya shokapu, kile kishikio chake cha juu, na bodi. Ikasimama kama farasi. Wiki ya pili nikampeleka mke wangu Lushoto msibani. Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi, kwenye kona za kushukia Soni, nikaanza kusikia ta-ta-ta-ta kila nikikata kulia. Nikaongeza sauti ya redio. Mke wangu akaizima. Mombo nikachungulia ndani ya rimu nikakuta grisi nyeusi imerushwa kila mahali, raba ya sivijointi, kile kiungo cha shafti ya gurudumu, imechanika na kiungo chenyewe kinacheza. Nilipofungua tao la pili nikakuta bomba la fundi limeanza kupasuka kwenye mshono wa kuchomelea. Mke wangu alipanda Costa kurudi Moshi, na ile Legacy hajaisamehe mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Ukiweka spesa, yaani kipande cha kuongeza urefu kama lile bomba, juu ya shokapu, bodi inapanda na gurudumu linabaki chini. Giaboksi imepanda na bodi. Ile shafti inayotoka giaboksi kwenda kwenye gurudumu, ambayo ilikuwa karibu imenyooka, sasa inashuka kama mteremko. Kiungo chake kinazunguka kikiwa kimepinda muda wote, raba inasuguana mikunjo kwa mikunjo mpaka inachanika, vumbi linaingia, basi. Nyuma ya SG kuna lingine: mkono unaoshika gurudumu umefungwa mbele yake, kwa hiyo gurudumu likishuka linavutwa pia kuelekea mbele. Ukipandisha inchi mbili utaona halikai tena katikati ya tao, na tairi kubwa litaanza kukwangua.

Kwa inchi moja, fanyeni hivi. Msitumie bomba. Tafuteni alumini nzito ya milimita 25, au chuma kigumu kizima kisicho na uwazi ndani. Chora umbo la maunti kwenye katoni, matundu matatu na lile kubwa la katikati. Boliti ni za M8, nati zake zinafunguliwa kwa spana ya 12. Zile fupi za kiwandani hazitafika, kwa hiyo zinatolewa na kuwekwa ndefu zenye namba 10.9 kichwani, alama ya ugumu wa chuma. Za kufungia kitanda zibaki kitandani. Nati hizo hukazwa kwa nguvu ndogo tu, nyutoni mita 20. Ukizikaza kama za gurudumu utazikata, na utajua ukiwa kwenye kona. Nati kubwa ya katikati ya shokapu usiiguse kabisa: springi iliyo chini yake imebanwa, ukiifungua bila vibano itakupasua uso.

Mkimaliza, kabla ya kushusha jeki, acha gurudumu la mbele lining'inie. Kata usukani mpaka mwisho. Lizungushe gurudumu kwa mkono, polepole, duara zima, huku mkono mwingine umeshika shafti. Likienda laini, vizuri. Ukisikia sehemu linagoma kisha linaachia, umepita kiasi, punguza. Hapo hapo angalia mpira wa breki na waya wa ABS: visiwe vimekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha moja kwa moja kwenye alaimenti, kunyoosha magurudumu, na siku hiyo hiyo ushushe mwanga wa taa, maana sasa unawamulika watu machoni. Kama una bima kubwa, waandikie kwamba gari limebadilishwa. Utaniona mzee mwoga, lakini siku ya ajali mtu wa bima anakuja na kamera, na spesa ya alumini inang'aa.

*

*Fundi, mimi ni nesi, nakaa Karatu. Nina Nissan X-Trail ya zamani, T30. Nilipasua tairi njiani nikafunga spea, ambayo ni ndogo kidogo na mpya kuliko zile tatu. Kijana wa kuziba pancha akaniambia nisitembee nayo, gari litaungua giaboksi. Ni kweli au ananitisha ninunue tairi? – Nesi, Karatu*

Mama, kijana ana nusu ya ukweli na anakuuzia yote.

Gari lenye magurudumu manne yanayovuta linataka tairi zote ziwe na mzunguko mmoja. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, na ile tofauti lazima mtu ailipe. Anayeilipa ni kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kinapata moto, kinachoka. Hakiungui kwa kilomita kumi, ila kwa miezi sita kinaweza.

Gari lako lina bahati, lina swichi. Weka 2WD, hapo mbele peke yake ndiko kunakovuta, na lile tairi la ajabu lifunge nyuma. Likiwa limepasuka la mbele, hamisha moja la nyuma lije mbele kwanza. Ni kazi ya nusu saa na jasho, lakini utafika nyumbani. Mwenzako mwenye Subaru ya zamani ya otomatiki afungue boneti atafute kisanduku kidogo kilichoandikwa FWD: nyingi zinacho. Akichomeka fyuzi humo, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na nyuma kunaacha kuvuta. Akishafunga tairi sahihi aichomoe.

Ukinunua tairi usiamini namba za ubavuni peke yake. Azima futi ya fundi cherehani, ile laini, izungushe kwenye tairi katikati ya kashata, uandike. Subaru wenyewe wanataka tofauti isizidi robo inchi kwenye mzunguko, yaani milimita 6. Mimi hutumia kipimo hicho kwa magari yote ya namna hii. Na spea iingie kwenye mzunguko wa kubadilishana na wenzake, isikae nyuma ya gari miaka minane ikiwa bikira.

*

*Kaka fundi, nafanya biashara ya mpunga, natembea Ifakara mpaka Mlimba na RAV4 ya 2003. Maji ni mengi. Nataka kujitengenezea snokeli kwa bomba la plastiki la maji taka na gundi. Nimeona watu wamefanya. Unasemaje? – Mfanyabiashara, Ifakara*

Ndugu yangu, snokeli ni bomba la kuipandisha pua ya injini, pale inapovutia hewa, iwe juu ya maji. Bomba la plastiki linaweza kufanya kazi, na limewahi kufanya kazi. Tatizo ni viungio. Snokeli yenye ufa mdogo chini ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu bila snokeli ungeogopa maji, na ukiwa nayo huogopi.

Ukiisha kuifunga, ipime hivi: washa injini iwe sailensa, iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, panda juu, ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja, uzibe kabisa. Injini lazima izime ndani ya muda mfupi. Ikiendelea kunguruma, inapata hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapoingia. Maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa kwenye silinda, pistoni inapanda, haina pa kwenda, konrodi, ule mkono unaoisukuma, inapinda. Utavuta gari mpaka Ifakara na hutavuta mpunga msimu mzima.

Halafu hiyo snokeli inalinda pua tu. Kompyuta, soketi za waya, beringi za magurudumu, hivyo vyote viko pale pale vilipokuwa. Na RAV4 ni nyepesi, maji yakifika mlangoni yanaanza kuinyanyua, na ikishanyanyuka tairi hazina kazi. Mimi mwisho wangu ni katikati ya gurudumu, na lazima mtu apite kwa miguu kwanza.

Kwa pesa yako ningeanza na kitu cha bei ya soda mbili. Difu ya nyuma, lile boksi la gia kati ya magurudumu mawili, ina kipumulio kidogo juu yake. Difu ikiwa ya moto halafu ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia hapo. Chomeka mpira mwembamba, uupandishe mpaka ndani ya bodi kule nyuma, ufunge kwa kibano. Na baada ya kila mafuriko fungua nati ya juu ya difu, chovya kidole. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

*

*Mzee, salamu kutoka Nanyuki. Nimeweka spotilaiti mbili za wati 55 kwa Impreza yangu, nikaunga waya kwa swichi ya taa za kawaida. Swichi imeanza kuyeyuka. Pia ndugu yangu asema Subaru si gari la nje ya lami, natupa pesa bure. – Kijana wa Nanyuki*

Ndugu yako yuko Kenya na anasema hivyo? Mwambie mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally wa 12 akiwa na Subaru Vivio, kagari ka cc 660, akashinda daraja lake. Colin McRae mwenyewe, bingwa wa rally, alikuwa na Vivio kama hiyo na hakumaliza. Mwaka 1997 McRae akashinda Safari na Impreza, na 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza. Yale ya ushindi yalikuwa magari ya kiwanda ya mamilioni, sikatai, lakini Vivio ilikuwa Vivio, na Njiru alijua pa kupita.

Sasa swichi. Wati 55 mara mbili ni 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kitu. Umezipitisha zote kwenye swichi iliyotengenezwa kubeba kazi ya kiwandani, si mizigo ya wageni. Nunua rilei ya ampea 30, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Waya wa milimita mraba 2.5 utoke betri moja kwa moja, fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na betri, si karibu na taa, kwa sababu waya ukichunwa katikati ya safari ndio utakaowaka. Kutoka fyuzi uende rilei, kutoka rilei uende taa. Swichi yako, na iwe mpya, ibaki na kazi ya kuiamsha rilei tu. Nati ya kuunga bodi, ile hasi, ikwangue rangi mpaka uone chuma kinang'aa.

Pale waya unapopita kwenye tundu la bati weka mpira. Ukimaliza washa zote mbili dakika kumi injini ikiwa inaunguruma, uzime, kisha pitisha vidole kwenye waya wote kuanzia betri. Pakiwa na moto, waya ni mwembamba au umeungwa vibaya hapo hapo, rudi dukani.